Mantiki kwa wanakompyuta: kesi nzuri, mawakili wabovu

*Vyuo vikuu vinawalazimisha wanafunzi wa sayansi ya kompyuta kusoma kozi ya mantiki, na wapo wanaotaka iondolewe. Ushahidi unasema ibaki, ila si kwa sababu tuliyozoea kuambiwa.*

Jumlisha namba mbili, gawa kwa mbili, umepata ya katikati. Mtoto wa darasa la nne anaifanya hesabu hiyo bila kukuna kichwa. Hata hivyo ndiyo iliyokaa na kasoro ndani ya maktaba ya lugha ya Java kwa takriban miaka tisa, hadi programu ya mtu mmoja ilipokwama na taarifa zikafika kampuni ya Sun, iliyokuwa ikiimiliki lugha hiyo. Mwaka 2006 Joshua Bloch, aliyeuandika msimbo wa utafutaji uliobeba hesabu hiyo, alilieleza jambo hilo hadharani. Bloch si mtu wa kubahatisha. Alisomea uzamivu katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, na huko Jon Bentley, katika mhadhara wake wa kwanza wa algoriti, aliwapa wanafunzi wa uzamivu kazi hiyo hiyo: andikeni utafutaji wa nusu kwa nusu. Wengi wakakosea. Bentley alikuwa na njia aliyoithibitisha kimantiki hatua kwa hatua, na njia hiyo ikaingia katika kitabu chake Programming Pearls cha mwaka 1986, kilichosomwa na wanaprogramu wa zaidi ya kizazi kimoja. Kasoro ilikuwa humo humo, ndani ya njia iliyothibitishwa.

Utafutaji huo ndio anaoufanya mtu mwenye kamusi mkononi. Anafungua katikati, anaona neno lake liko kabla au baada ya hapo, anaiacha nusu isiyomhusu na kufungua katikati ya iliyobaki, hivyo hivyo hadi alipate. Kompyuta nayo hushika nafasi ya mwanzo na ya mwisho ya orodha, huzijumlisha na kugawa kwa mbili. Sasa, namba nzima ya kawaida katika Java imepewa biti 32, na kikomo chake ni 2,147,483,647. Mwanzo ukiwa 1,500,000,000 na mwisho ukiwa 2,000,000,000, jumla ni bilioni tatu na nusu, nayo haienei katika nafasi hiyo. Inafurika, na kompyuta inasoma hasi 794,967,296. Nusu ya namba hasi ni hasi vilevile, kwa hiyo programu inaambiwa ikatazame nafasi iliyo chini ya sifuri, na hapo inaanguka. Wakati Bentley anaandika, orodha ya vitu bilioni moja ilikuwa ndoto. Miaka 20 baadaye orodha za namna hiyo zilikuwapo. Dawa ni fupi: toa mwanzo kwenye mwisho, gawa tofauti hiyo kwa mbili, kisha uiongeze kwenye mwanzo.

Kisa hiki kinatumiwa na pande zote mbili za ubishi unaoendelea katika idara za kompyuta. Wanaoipinga kozi ya mantiki wanauliza: kama uthibitisho wa mwalimu mwenyewe ulipitwa na kasoro katika mistari michache, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anahangaishwa kwa faida gani? Wanaoitetea wanajibu kwamba uthibitisho haukukosea mahali popote. Ulikuwa sahihi kwa namba za wanahisabati, ambazo hazina mwisho. Kilichokosekana ni sentensi moja ambayo hakuna aliyeiandika: namba hizi zina kikomo. Upande wa pili ndio wenye ukweli, lakini wengi wao wanapokwenda kuutetea mbele ya baraza la chuo huuacha ukweli huo nyumbani na kubeba hoja nyingine, nayo ni dhaifu.

Kinachofundishwa darasani

Kozi yenyewe ina majina mengi. Katika Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, inaitwa waziwazi kozi ya kufikiri kimantiki kwa ajili ya sayansi ya kompyuta. Kwingine imefichwa ndani ya somo la hisabati ya vitu vya kuhesabika kimoja kimoja (discrete mathematics). Mwongozo wa mitaala uliotolewa mwaka 2013 na vyama vya kimataifa vya wanakompyuta, ACM na IEEE, uliitengea mantiki ya msingi saa 9 za mihadhara na mbinu za uthibitisho saa 11, ukazihesabu karibu zote kuwa za lazima kabisa. Mwanafunzi huanza na kauli, yaani sentensi inayoweza kuwa kweli au si kweli, kisha viungo vyake: na, au, ikiwa, siyo. Hujaza majedwali ya ukweli. Baadaye huingia kwenye maneno ya idadi, "kila" na "kuna", halafu uthibitisho wa hatua kwa hatua, ule wa kuonyesha kwamba jambo ni kweli kwa sifuri, na kwamba likiwa kweli kwa namba moja litakuwa kweli kwa inayofuata.

Sehemu ya "kila" na "kuna" ndiyo inayowaangusha wengi, na ndiyo yenye faida kubwa. Chukua sentensi mbili: kila mtumiaji ana nenosiri, kuna nenosiri ambalo kila mtumiaji analo. Maneno ni yale yale, mpangilio umebadilika, na mfumo wa sentensi ya pili unafunguliwa na mtu yeyote anayejua siri moja. Hakuna mhandisi atakayekiri kwamba anazichanganya sentensi hizo. Zikiwa zimeandikwa kwa msimbo, zimetawanywa katika faili tano na kuzungukwa na masharti mengine, huchanganywa mara nyingi sana.

Historia ya somo haina haja ya kurefushwa, ila jambo moja lisisahaulike: mantiki haikuletwa kwenye kompyuta kama mapambo. George Boole alichapisha aljebra yake ya fikra mwaka 1854, wakati mashine za kuhesabu zilikuwa za magurudumu ya meno. Alan Turing alibuni wazo la mashine ya jumla mwaka 1936 akiwa anajibu swali la wanamantiki, kama kuna utaratibu wa kuamua ukweli wa kila kauli ya hisabati. Akaonyesha haupo. Mwaka mmoja baadaye Claude Shannon, katika tasnifu yake ya uzamili huko MIT, alionyesha kwamba swichi za umeme zinaweza kutekeleza aljebra ya Boole. Kwa hiyo anayeuliza mantiki imeingiaje katika shahada ya kompyuta ameligeuza swali kichwa chini miguu juu.

Asili, hata hivyo, si hoja ya kutosha. Vitu vingi vilivyozaa fani fulani havifundishwi tena ndani yake, na hakuna anayevililia.

Hoja inayopendwa, ushahidi unaoikataa

Uliza kwa nini mwanafunzi alazimishwe kusoma mantiki, na jibu utakalolipata mara nyingi ni kwamba inanoa akili. Akishajua kanuni za hoja sahihi, atafikiri vizuri popote: kazini, kortini, hata katika mabishano ya kijiweni. Ni jibu zuri kulisikia. Kwa bahati mbaya limepimwa, na matokeo hayakulibeba.

Kipimo kinachotumika zaidi kilitungwa na mwanasaikolojia Mwingereza Peter Wason mwaka 1966. Weka kadi nne mezani zenye alama A, K, 4 na 7, kila moja ikiwa na herufi upande mmoja na namba upande mwingine. Kanuni inasema: kadi yenye irabu ina namba shufwa nyuma yake. Ni kadi zipi ni lazima zigeuzwe ili kujua kama kanuni imevunjwa? Wengi huchagua A peke yake, au A na 4. Jibu ni A na 7, kwa sababu 7 ikiwa na irabu nyuma yake kanuni imekufa, ilhali 4 haiwezi kuivunja hata ikiwa na herufi gani. Katika majaribio ya namna hii, wanaopata huwa chini ya mmoja kwa kumi, na hao ni wanafunzi wa vyuo vikuu.

Mwaka 1986 Patricia Cheng, Keith Holyoak, Richard Nisbett na Lindsay Oliver walichapisha utafiti uliowapima wanafunzi kabla na baada ya kozi nzima ya utangulizi wa mantiki. Muhula mzima wa kusoma "ikiwa" na "basi", na mabadiliko katika maswali ya aina ya Wason yalikuwa madogo mno kuweza kuhesabiwa kuwa kitu. Mtetezi wa mantiki mwenye uaminifu hana budi kulimeza hili bila kulitafutia sukari. Kama lengo ni kunoa akili kwa ujumla, saa zile zimepotea.

> Muhula mzima wa mantiki, na wanafunzi walikosea karibu kama walivyokosea kabla hawajaanza.

Lakini utafiti huo huo ulikuwa na sehemu nyingine, na wanaoutumia kuifuta kozi huiruka. Kufundishwa kanuni tupu hakukusaidia. Kupewa mifano mitupu bila kanuni hakukusaidia pia. Vilipofundishwa pamoja, kanuni na mfano wake, makosa yalipungua. Aidha, mafunzo mafupi yaliyojengwa juu ya masharti ya wajibu, ya namna ya "ukitaka kufanya hili, lazima kwanza uwe na lile", yalileta faida. Miaka minne kabla ya hapo Richard Griggs na James Cox walikuwa wamelibadili swali la kadi likawa la baa: mtu akinywa bia lazima awe ametimiza umri wa kisheria. Kadi zilisema bia, soda, miaka 22, miaka 16. Karibu robo tatu ya waliopimwa walijua kwamba wa kukaguliwa ni mnywa bia na kijana wa miaka 16. Muundo wa swali ni ule ule.

Kwa hiyo tunaloweza kusema kwa haki ni kwamba mantiki haihami yenyewe kutoka ubaoni kwenda kichwani. Huhama pale inapofungwa kwenye kazi. Mwanafunzi wa kompyuta ana bahati ambayo mwanafunzi wa falsafa hana: kazi yake ya kila siku imeundwa kwa masharti ya wajibu. Programu nzima ni mkusanyiko wa "ukitaka hili, lazima kwanza lile".

Sababu iliyo halali

Mwaka 1969 C.A.R. Hoare, akiwa Belfast, alipendekeza kwamba kila kipande cha programu kiandikwe kati ya masharti mawili: lililo kweli kabla hakijaendeshwa, na litakalokuwa kweli kikimaliza. Kwa kitanzi, yaani sehemu inayojirudia, hutafutwa sharti la tatu, lile linalobaki kweli kila mzunguko unapoisha. Wanaofundisha kozi hii wanajua kwamba sharti hilo la kudumu ndilo lenye uzito kuliko mada nyingine zote.

Mfano wake haupo mbali. Tangu M-Pesa izinduliwe Kenya mwaka 2007, mamilioni ya watu wa Afrika Mashariki wamekuwa wakiamini kila siku jambo ambalo hawajawahi kuliandika: fedha ikihamishwa kutoka akaunti moja kwenda nyingine, jumla ya akaunti zote mbili haibadiliki, na hakuna salio linaloshuka chini ya sifuri. Hilo ni sharti la kudumu. Sasa fikiria mfumo wa kubuni unaolikagua salio kwanza na kukata fedha baadaye. Akaunti ina shilingi 10,000, maombi mawili ya shilingi 8,000 yanafika kwa pamoja. La kwanza linakagua, linaona fedha zinatosha. La pili linakagua kabla la kwanza halijakata, nalo linaona zinatosha. Kila hatua peke yake ni sahihi, na mwisho wake ni salio la hasi 6,000. Anayejaribu mfumo huo kwa ombi moja moja hataiona kasoro hata akikesha. Aliyeandika sharti la kudumu, kisha akajiuliza kama linabaki kweli kati ya kukagua na kukata, ataiona kwa kalamu na karatasi.

Hapa ndipo majaribio yanapofika mwisho wa uwezo wake. Kujaribu kwa ukamilifu kitu kidogo kinachopokea namba mbili za biti 32, kwa kasi ya majaribio bilioni moja kila sekunde, kungechukua zaidi ya miaka 580. Kupima kunafichua yaliyomo katika mifano iliyopimwa. Kuhusu mifano mingine, anayepima na asiyepima wako sawa.

Kampuni kubwa zimelifahamu hili kwa mfuko. Mwaka 1994 ilibainika kwamba prosesa za Pentium za Intel zinakosea baadhi ya hesabu za kugawa, kwa sababu jedwali lililochongwa ndani ya chipu lilikosa namba chache. Kampuni ilitenga dola milioni 475 kwa ajili ya hasara hiyo. Baada ya hapo Intel iliajiri wataalamu wa uthibitisho wa kimantiki, na kufikia mwaka 2009 wahandisi wake waliripoti kwamba katika kiini cha hesabu cha prosesa ya Core i7 uthibitisho ulikuwa umechukua nafasi ya sehemu ya majaribio yenyewe. Jijini Paris, treni zisizo na dereva za njia ya 14 ya Metro, iliyofunguliwa Oktoba 1998, zilianza zikiongozwa na programu ambayo sehemu yake ya usalama iliandikwa na kuthibitishwa kwa mbinu ya B iliyobuniwa na Jean-Raymond Abrial.

Mfano wa Amazon una maana kubwa zaidi kwa chuo, kwa kuwa unahusu watu wa kawaida wa kazi hii. Kuanzia mwaka 2011 wahandisi wa huduma za seva za kampuni hiyo walianza kuandika mipango ya mifumo yao kwa TLA+, lugha ya kimantiki iliyobuniwa na Leslie Lamport. Katika makala waliyochapisha mwaka 2015 walieleza kasoro ya hifadhidata ya DynamoDB iliyoweza kupoteza data, na ambayo ili itokee zilihitajika hatua 35 kwa mfuatano maalumu. Ilikuwa imepita katika ukaguzi wa usanifu, ukaguzi wa msimbo na majaribio. Walisema pia kwamba wahandisi wa ngazi zote, wapya na wakongwe, walijifunza lugha hiyo kwa wiki mbili au tatu.

> Kasoro ilihitaji hatua 35 ili ijitokeze. Ilipita katika kila ukaguzi isipokuwa ule wa kimantiki.

Roketi ya Ariane 5 nayo itajwe, kwa kuwa ugonjwa wake ni dhana isiyoandikwa. Ilipasuka tarehe 4 Juni 1996 chini ya sekunde 40 baada ya kuruka kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa. Sehemu ya programu yake ilirithiwa kutoka Ariane 4, na humo kulikuwa na namba ya biti 64 iliyobanwa iingie katika biti 16, ambazo mwisho wake ni 32,767. Kwa mwendo wa Ariane 4 namba hiyo haikuwahi kuvuka kikomo. Ariane 5 ilikuwa na kasi kubwa zaidi. Sharti lililokuwa kweli kwa roketi moja lilihamishiwa kwenye nyingine bila mtu kuliandika, na lisiloandikwa haliwezi kukaguliwa.

Hiyo ndiyo sababu halali ya kozi hii. Inamfundisha mwanafunzi kuandika kwa usahihi anachokichukulia kuwa kweli, ili mwenzake, au mashine, aweze kukipinga. Ni stadi ya kazi, yenye mipaka yake, na haimfanyi mtu kuwa na hekima zaidi mezani kwake.

Wanaopinga wana hoja

Upinzani mkali zaidi ulitoka ndani ya fani yenyewe. Mwaka 1979 Richard De Millo, Richard Lipton na Alan Perlis walichapisha makala wakisema kwamba uthibitisho wa hisabati unaaminika kwa sababu watu wanausoma, wanaujadili, wanaukosoa na kuutumia. Uthibitisho wa programu ni mrefu, unachosha, na hakuna atakayeusoma, basi utaaminiwaje? Kwa wakati wake hoja hiyo ilikuwa nzito. Kilichobadilika ni msomaji. Mwaka 2009 watafiti wa Australia walimaliza kuthibitisha seL4, kiini cha mfumo endeshi chenye mistari ipatayo 8,700 ya lugha ya C. Uthibitisho wake ulikuwa na mistari takriban 200,000, na kila mstari ulikaguliwa na programu inayoitwa Isabelle. Hakuna binadamu aliyehitaji kuusoma wote. Tena watafiti hao waliorodhesha walichokidhania tu bila kukithibitisha, kwa mfano kwamba kompaila na maunzi vinafanya kazi sawasawa. Gharama, hata hivyo, ilikuwa takriban miaka 20 ya kazi ya mtu mmoja. Hakuna mwenye akili timamu atakayefanya hivyo kwa tovuti ya kuuzia viatu.

Na hapo ndipo pingamizi la pili linapoingia: wahitimu wengi watajenga tovuti na programu za simu, si treni wala prosesa. Ni kweli. Ila tovuti ya viatu inasimama juu ya maktaba zilizoandikwa na wengine, na huko chini ndiko mambo yalikoharibika. Mwaka 2015 watafiti wakiongozwa na Stijn de Gouw walijaribu kuthibitisha TimSort, algoriti ya kupanga orodha iliyotumika wakati huo katika Java, Python na simu za Android. Uthibitisho ukagoma. Walipofuatilia wakakuta kwamba sharti la kudumu lililoandikwa na watengenezaji wenyewe halikuwa likidumishwa, na kwamba ipo orodha ya kuiangusha programu. Python walirekebisha sharti. Java walichagua kuongeza nafasi ya kumbukumbu badala yake, na mwaka 2018 watafiti wa Ufaransa wakaonyesha kwamba hata hesabu ya nafasi hiyo ilikuwa na kosa. Si lazima kila mhitimu aweze kufanya kazi ya de Gouw. Aweze basi kuelewa taarifa yake na kujua ni dawa ipi inayotibu na ipi inayotuliza maumivu.

Pingamizi la tatu ni jipya: akili mnemba inaandika msimbo, mantiki ya nini tena? Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha New York waliiagiza Copilot, zana ya GitHub ya kuandika msimbo, iandike programu katika mazingira 89 yenye hatari za kiusalama, wakapata programu 1,689, na karibu asilimia 40 zilikuwa na udhaifu wa kushambuliwa. Zana hizo zimeendelea kuboreshwa, kwa hiyo asilimia hiyo isibebwe kama hukumu ya leo. Jambo lisilobadilika ni kwamba msimbo umekuwa rahisi kuupata, na swali la kama unafanya kilichotakiwa linabaki kwa binadamu. Ili kulijibu, lazima kwanza kilichotakiwa kiandikwe kwa usahihi. Anayedhani kazi hiyo imekwisha hajawahi kumwandikia mtu mwingine masharti ya kazi.

Lipo pingamizi la nne, lisilosemwa kwa sauti kwenye vikao: kozi hii hutumika kama chujio, wasioipita waondoke. Penye matumizi hayo, wapinzani wana haki kabisa. Chujio lisilopima kitu kinachohitajika kazini ni dhuluma kwa wanafunzi, na kozi inayofundishwa kwa alama tupu, bila programu hata moja, kwa ushahidi wa mwaka 1986 haipimi kitu hicho.

Ibaki, lakini si hivi

Mwanafunzi wa Tanzania aliyesoma Hisabati ya Juu kidato cha tano kwa miaka mingi amekuwa akikutana na mantiki kabla hajafika chuo: kauli, majedwali ya ukweli, na saketi za swichi. Anapofika mwaka wa kwanza wa kompyuta na kukuta majedwali yale yale, anahitimisha kwamba somo ndilo hilo na limekwisha. Jedwali lenyewe lina kikomo ambacho lazima akione mapema. Kauli 5 zinahitaji mistari 32, kauli 10 zinahitaji 1,024, na kauli 30 zinavuka mistari bilioni moja. Kujaza mistari 32 kwa mkono hakumfundishi mtu lolote ambalo mistari minane haikumfundisha. Muda huo unapaswa kwenda kwenye sharti la kudumu: mpe kitanzi, aandike sharti lake, mpe sharti lenye kosa, atafute data ya kulivunja.

Mzigo wa kusahihisha hutajwa kama kikwazo, na kwa mwalimu mwenye darasa kubwa si kisingizio. McMaster wamelitatua kwa CalcCheck, programu iliyotengenezwa na Wolfram Kahl kwa ajili ya uthibitisho wa mtindo wa kitabu cha David Gries na Fred Schneider cha mwaka 1993. Mwanafunzi anaandika hatua zake, mashine inamwambia palepale ni ipi haikufuata kanuni. Zana nyingine za uthibitisho, Lean na Dafny, ni za bure na zinaendeshwa kwenye kompyuta ya kawaida. Katika Dafny namba nzima haina kikomo mpaka mwanafunzi aseme inacho, na akishasema, hesabu ya katikati iliyokubaliwa mwanzoni inakataliwa. Dakika kumi za kukataliwa hivyo zina thamani kuliko mhadhara mzima kuhusu umuhimu wa uangalifu.

Linabaki swali la nani afundishe, na hapa idara hugombana kimyakimya. Ikiachiwa idara ya hisabati, kozi hupata mwalimu anayeijua mantiki na hukosa programu. Ikiachiwa idara ya kompyuta, hupata programu na mara nyingi hukosa mwalimu anayeipenda. Chuo Kikuu cha Edinburgh kiliunganisha: mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anasoma mantiki na lugha ya Haskell katika kozi moja, na walimu walioifundisha, akiwamo Philip Wadler, mmoja wa waliobuni Haskell, waliandika kitabu kimoja kinachobeba vyote viwili. Mfano huo una bei yake, kwa kuwa saa zilizounganishwa hutoka mahali fulani na mwalimu wa kuzifundisha lazima ajue pande zote mbili. Idara isiyo na mwalimu wa namna hiyo inaweza kuanza na nusu: mantiki na utangulizi wa programu ziwekwe muhula mmoja, na angalau zoezi moja kila wiki litumike katika kozi zote mbili, lisahihishwe mara mbili, kwanza kama programu, kisha kama uthibitisho.